Ukali au upole wa Rais siyo kipimo cha haki zetu

Wakuu, kila haki za binadamu zinapotajwa hapa Tanzania, mazungumzo huishia kwenye tabia ya mtu mmoja. Wapo wanaosema Magufuli alikuwa mkali, ndiyo maana haki zikaminywa. Wapo wanaojibu kwamba ukali ule ndio uliowanyoosha wala rushwa. Naona tunabishana pembeni ya jambo lenyewe.

Nianze na nililoliona. Mwaka 2018 binti wa jirani yetu alikuwa kidato cha pili. Ilipojulikana ana mimba alirudishwa nyumbani siku ile ile. Mama yake alifua sare, akazipiga pasi, akazikunja kwenye begi chini ya kitanda, akiamini mwanawe akishajifungua atarudi darasani. Hakurudi. Juni 2017 Rais Magufuli alikuwa ameshatamka hadharani kwamba katika utawala wake aliyepata mimba harudi shule. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, serikali ikatangaza warudi. Nilifurahi sana, lakini binti yule alikuwa na watoto wawili na meza ya vitumbua stendi. Angalieni jinsi ilivyokwenda: mlango ulifungwa kwa tamko, ukafunguliwa kwa tangazo na waraka. Waraka hufutwa na waraka mwingine.

Mikutano ya hadhara nayo ilikwenda hivyo hivyo. Ibara ya 20 ya Katiba inatupa uhuru wa kukusanyika. Mwaka 2016 mikutano ya vyama ikazuiwa kwa kauli, na tarehe 3 Januari 2023 ikaruhusiwa kwa kauli. Tukashangilia kwamba tumepewa ruksa. Ruksa ya nini, wakati jambo limeandikwa kwenye Katiba? Aprili 2025 kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akashtakiwa kwa uhaini, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Rais alikuwa yule yule Samia aliyehubiri maridhiano.

Wazee watanitajia Mwalimu, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama vizuri. Hakujilimbikizia mali na aliishi kwa unyenyekevu. Lakini Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, mtu akawa anaweza kufungiwa bila kufikishwa mahakamani. Haki za binadamu hazikuwekwa kwenye Katiba ya uhuru. Ziliingia mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia mwaka 1988. Mtu mwema alikuwa ameshika sheria mbaya, na waliokuwa kizuizini hawakutolewa na wema huo.

Sisemi mtindo wa uongozi hauna uzito. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Bosi wa juu akiwa mbabe, na wa chini huiga, na tumewaona watumishi wakiwekwa ndani kikaoni mbele ya kamera. Akija mpole, inapungua. Sheria yenyewe inabaki mezani ikimsubiri mbabe mwingine.

Linaloniuma zaidi ni Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pale, kwenye ardhi yetu. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuishtaki huko moja kwa moja. Zilipokuja zile R nne za Rais Samia (maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya), mlango huo haukuguswa.

Kwa hiyo nawauliza mnaosema tutafute kiongozi mpole mwaka 2030: siku akigeuka, mtamshtaki wapi? Na mnaotaka mkali anayepigania wanyonge, nani atamzuia siku mnyonge mwenyewe akimkosoa? Karibuni, lakini naomba mtu anijibu kwa kunitajia sheria au taasisi, siyo jina la mtu.