Ushauri: Karibu kila habari ninayoandika hurudishwa kwa kuwa ni tahariri

KalamuYaKisauni

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni kijana wa hapa Mombasa niliyemaliza stashahada ya uanahabari mwaka jana, na kwa miezi kadhaa sasa ninaliandikia gazeti moja nikiwa mwandishi wa kujitegemea, yaani hulipwa kwa kilichochapishwa wala si kwa kilichoandikwa. Kati ya kazi nne nilizotuma, moja tu ndiyo iliyotoka, tena ikiwa imekatwa hadi ikabaki aya tatu. Ya mwisho ilirudi na maneno ya mhariri kwamba nimemletea habari, makala na tahariri (yaani maoni ya gazeti) katika karatasi moja, na kwamba nichague.

Nayajua maswali sita ya habari (nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi) kwa moyo, lakini nikikaa kuandika sioni mpaka uko wapi. Naweka hapa aya yangu ya kwanza mniambie bila kunionea haya:

“Wahenga walinena kwamba hapana msiba usio na mwenziwe. Ni jambo la kusikitisha mno kwamba wakazi wa Mji wa Kale wanaendelea kuteseka kwa uhaba wa samaki huku viongozi wakilala usingizi wa pono, hali iliyowafanya wachuuzi kuongeza bei maradufu tangu upepo wa kusi uanze kuvuma.”

MstaafuWaMeza

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka mingi, na nakiri kwamba nimecheka, kwa sababu samaki wa pekee aliyepatikana katika habari hii ni huyo pono aliyelala.

Tuisome pamoja. Unaposema ni jambo la kusikitisha, ni nani anayesikitika? Ikiwa ni wewe, habari haina nafasi yako. Ikiwa ni mama fulani aliyerudi nyumbani na kikapu kitupu, mtaje na umwache aseme mwenyewe. “Maradufu” ni madai ya hesabu, kwa hivyo msomaji ana haki ya kujua bei ilikuwa shilingi ngapi na sasa ni ngapi, kwa kilo ya samaki gani, na nani aliyekuambia. Kuhusu viongozi kulala, je, uliwapigia simu? Afisa wa uvuvi wa kaunti akikataa kujibu, andika kwamba hakujibu, maana hiyo nayo ni habari.

Mimi ningeanza hivi: “Bei ya kilo moja ya tasi katika soko la samaki la Mji wa Kale imepanda kutoka shilingi ... hadi shilingi ... katika muda wa wiki mbili, kwa mujibu wa wachuuzi watano waliohojiwa jana, baada ya upepo wa kusi kuwazuia wavuvi wa mashua ndogo kutoka nje ya miamba.” Nafasi za tarakimu nimeziacha wazi kwa kuwa hukutupa tarakimu hata moja. Baada ya hapo panga mambo kwa uzito wake, lililo zito juu na lililo jepesi chini, kwa sababu tangazo likiingia usiku na ukurasa ukabanwa, mhariri hukata kuanzia mkiani. Ukificha jambo lako kubwa katika aya ya tisa, usimlaumu mkataji.

MwalimuWaInsha

Naomba kuingilia kidogo, kwa kuwa lawama nyingine ni zetu sisi walimu. Katika karatasi ya Insha tuliwazoesha kufungua kwa methali na kupamba kila sentensi, nao wakapata alama. Gazetini, hiyo methali ndiyo ya kwanza kufutwa.

BintiTudor

Mimi huandika makala, na nataka kuongeza kwamba makala si habari iliyorefushwa. Mzee wangu hapo juu amekufundisha kumwambia msomaji lililotokea. Makala humchukua msomaji hadi mahali penyewe akae na watu, nayo hufanya hivyo hata kama msomaji anaijua bei tayari.

Kwa jambo hili hili la samaki, mimi singeanza na bei. Ningetafuta mama karanga mmoja, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, nikamfuata tangu alfajiri, anapomsubiri tajiri wa samaki anayemuuzia, hadi jioni anapokunja meza yake. Niliwahi kufanya hivyo msimu mmoja wa kusi, na kilichonipa aya ya kwanza ni karai lake: mafuta yalikuwa ya jana, ameyachuja kwa kipande cha kitambaa, kwa sababu faida ya vipande alivyouza haikutosha kununua mafuta mapya. Sikuandika kwamba ana shida. Niliandika kitambaa. Aya mbili baadaye ndipo nilipoeleza kwa nini namsimulia yeye na kwa nini sasa, kwani makala isiyo na aya hiyo humwacha msomaji akijiuliza anapelekwa wapi. Na kinyume na habari, makala haikatwi mkiani kiholela, kwa sababu mwisho wake hujengwa kama mwanzo.

Jambo jingine ni lugha ya watu wetu. Mama yule alisema “samaki hawaonekani kwa mato,” nami nikaliacha neno lake la Kimvita ndani ya alama za kunukuu, ilhali maelezo yangu yote yalikuwa katika Kiswahili sanifu. Mhariri alitaka kulisahihisha liwe “macho”. Tulibishana, na nashukuru nilishinda.

NahodhaWaMakupa

Mimi nadhani kijana hana tatizo la kuandika, ila amezaliwa katika mji wa mawaidha. Gazeti la Al-Islah, ambalo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilianzisha hapa Mombasa mwaka 1932, lilikuwa la kuonya na kuamsha umma, na masikio yetu yangali yanapenda sauti ile. Sioni aibu katika hilo. Ila tahariri ina masharti yake, nayo ni magumu kuliko unavyodhani.

Tahariri haina jina la mwandishi kwa kuwa anayesema ni gazeti. Haitoshi kusema viongozi wamelala. Inapasa kutaja ofisi ipi ifanye jambo gani, kwa mfano kuweka chumba cha barafu ufuoni ili samaki wa msimu wa upepo wa kaskazi, ambao ni wengi, wasioze, na kisha kujibu hoja ya anayesema kwamba fedha hazipo. Ukitaka kusema “mimi”, nenda kwenye safu ya maoni, ambako jina na picha yako vitabeba lawama. Na kuchanganya si kosa la mtindo peke yake: kanuni za maadili ya uanahabari zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka 2013 zinakataza maoni kutolewa kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa.

KalamuYaKisauni

Shukran sana, wazee wangu na dada yangu. Leo asubuhi nimerudi sokoni na daftari badala ya methali. Nimekwama tena: mchuuzi wa kwanza alinitajia bei moja ya tasi, na wa pili, aliye hatua kumi kutoka kwake, akanitajia bei iliyozidi kwa shilingi mia moja na hamsini. Niandike ipi?

MstaafuWaMeza

Andika zote mbili, kisha rudi ukamuulize huyo wa pili samaki wake wametoka wapi. Huenda habari yenyewe ndiyo hiyo.