Mrejesho: Safari ya boti kuzunguka kisiwa cha Noss, Shetland

Ndugu zangu, niliuliza kama mtu anayelevywa na bahari anaweza kukizunguka kisiwa cha Noss, kaskazini mwa Uskoti, kwa boti. Kama mlivyonishauri, nilimeza dawa kabla ya kuondoka Lerwick, nikakaa katikati ya boti. Upande wa mashariki mawimbi yalituyumbisha kweli kweli. Hata hivyo, jabali la Noup lenye urefu wa mita 181, ambalo kingo zake za mawe ya mchanga hujaa maelfu ya ndege weupe wanaojirusha majini kama mishale kuwinda samaki, lilinisahaulisha tumbo. Harufu ya kinyesi chao, ambayo hakuna aliyenitahadharisha, ni kali mno. Anayekwenda achague Juni, ndege wanapolea makinda, na avae koti zito.