Picha za basketi ukumbini: ukungu, chenga, na rangi inayobadilika kila picha (Canon 700D)

kikapu_255

Salaam wakuu. Napiga picha mechi za shule kwenye ukumbi wa ndani hapa Dar, karibu zote za jioni. Kamera ni Canon 700D, lenzi ni 18-55 na 55-250, zile za kawaida zinazouzwa pamoja na kamera. Taa za ukumbi ni zile kubwa zenye umbo la kengele, chache zimeungua, na mbili tatu zimebadilishwa zikawekwa LED.

Shida ya kwanza: naweka 1/200 (kasi ya shata, pazia la kamera), f/5.6 (tundu la lenzi), ISO 6400 (wepesi wa kamera kushika mwanga), na bado mikono na mpira vinatoka na ukungu, halafu picha imejaa chenga, zile punje punje. Ya pili ndiyo inanitisha. Nikipiga mfululizo, picha moja inatoka sawa, inayofuata ni ya kahawia na imefifia, na nyingine nusu ni angavu nusu ni giza. Sijagusa chochote katikati. Shata inakufa au? Bajeti yangu inatosha lenzi moja tu, tena iliyotumika.

mzee_wa_tundu

Shata nzima hiyo, mkuu. Mambo ya rangi ni taa, namwachia volti_240 maana hapo ndipo kwake. Mimi nishike ukungu.

Kwenye basketi kasi ya shata inapangwa kwanza, vingine vyote vinaifuata. Usishuke chini ya 1/500, na hata hapo mpira wa pasi kali utaburuta kidogo. 1/640 inatosha mechi nyingi za shule. 1/1000 ni nzuri ila kwa ukumbi wenye taa zilizoungua huipati bila kuua picha. Ukisoma mtandaoni mtu anasema alipiga f/2.8, 1/1000, ISO 2000, uliza kwanza alikuwa wapi. Kumbi zenye mwanga wa televisheni, mfano BK Arena ya Kigali, ni dunia nyingine.

Sasa hesabu. Hatua moja ya mwanga ni mara mbili. Kutoka f/5.6 hadi f/2 ni hatua tatu, yaani tundu linaingiza mwanga mara nane. Hatua moja na theluthi mbili unailipa shata ipande kutoka 1/200 hadi 1/640. Hatua moja unaipa ISO ishuke kutoka 6400 hadi 3200. Inabaki theluthi ya kung'arisha nyuso. Mpangilio wako wa kuanzia ni huo: f/2, 1/640, ISO 3200. Lenzi zako za sasa haziwezi kufika hapo kwa mipangilio yoyote, kwa sababu ukivuta mbali zinaishia f/5.6 utake usitake.

Cha kununua ni Canon EF 85mm f/1.8 USM. Ipo sokoni tangu 1992, kwa hiyo zilizotumika ziko nyingi. Fokasi yake ina mwendo. Kwenye f/1.8 kabisa hutoa ukingo wa zambarau sehemu zenye mwanga mkali, ukifunga hadi f/2 hupungua. Kabla hujatoa hela, imulike tochi kutoka nyuma huku unachungulia mbele: pwani yetu ina unyevu, lenzi hushika kuvu, na utaliona kama nyuzi za buibui ndani ya kioo. Kuvu likiwepo, iache hata kwa nusu bei.

Hela isipofika, 50mm f/1.8 STM. Inakubali mwanga uleule, ila fokasi yake ni nzito zaidi na utabanwa kupiga karibu na goli tu.

Jambo moja watu hulikosea: kuogopa ISO. Picha ya ISO 1600 iliyotoka giza ukaja kuinyanyua kwenye kompyuta itakuwa na chenga kuliko ya ISO 3200 iliyopata mwanga sawasawa tangu mwanzo. Kwa sensa ya 700D (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) tofauti inaonekana wazi, hasa kwenye vivuli.

volti_240

Haya, rangi. Umeme wetu ni Hz 50. Ndani ya kila mzunguko mkondo hufika kilele mara mbili, kwa hiyo taa za aina hiyo (kwa maelezo yako ni metali halaidi) hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kila pigo ni milisekunde 10. Jicho halioni. 1/200 yako inachukua milisekunde tano tu ya hizo kumi, na 1/640 takribani moja na nusu: ikiangukia kileleni picha ni angavu, ikiangukia bondeni picha ni ya kahawia. Rangi hubadilika pia, siyo mwanga tu, kwa sababu gesi na chumvi zilizomo ndani ya balbu hazififii kwa pamoja.

Ile ya nusu kwa nusu nayo ina sababu. Shata ya 700D hufunguka yote kwa pamoja hadi 1/200 tu, na hata hapo ulipo wewe juu na chini ya picha havipati mwanga wakati uleule. Ukizidi hapo, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, na mwanga huingia kupitia mwanya mwembamba unaokatiza sensa. Safari hiyo huchukua milisekunde kadhaa. Mwanya ukianza safari taa ikiwa kileleni na kuimaliza taa ikiwa bondeni, unapata mkanda wa giza.

Dawa kamili ni kamera yenye kinga ya kupepesa. Canon waliianza na 7D Mark II mwaka 2014, 80D inayo, Nikon D500 na D7500 zinayo. Kamera hupima mapigo ya taa kisha huchelewesha shata kidogo ili ifunguke kileleni. Mfululizo hupungua kasi, si sana. 700D haina kitu hicho, kwa hiyo fanya hivi:

Usipande 1/1000 hata siku ukiweza. Kadiri shata inavyokuwa fupi ndivyo tofauti ya kilele na bonde inavyokuwa kali. 1/500 ni mapatano mazuri hapo.

Piga vipande vya picha tatu nne, nyanyua kidole, bonyeza tena. Hii ina siri yake. 700D hupiga picha 5 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 200, na 200 ni mapigo 20 kamili ya taa. Mfululizo ukianzia bondeni, picha zinazofuata zinaweza kubaki karibu na bonde lilelile! Kasi ya kamera haiko sawa kabisa kwa hiyo zitasogea polepole, lakini kidole kuanza upya ni haraka kuliko kusubiri.

Chunguza ukumbi. Fundi aliyezigawa taa kwenye fezi tatu amekusaidia, kwa sababu vilele havigongani, moja ikififia nyingine inawaka. Mara nyingi katikati ya uwanja ambapo taa kadhaa zinakutana hali ni nafuu, na chini ya goli moja ni mbaya kuliko chini ya lingine. Piga picha kumi chini ya kila goli wakati timu zinapasha. Utajua pa kukaa.

Na umeme ukikatika katikati ya mechi, metali halaidi haziwaki papo hapo. Lazima zipoe kwanza, kati ya dakika 10 na 15, halafu zianze kupata moto, na wakati huo rangi ni ya kijani au bluu. Ukiona hivyo usianze kubadili mipangilio, subiri zitulie.

flashi_mkononi

Kwa nini mnamzungusha? Flashi ya mtumba, aielekeze juu ya dari, amalize. Bei rahisi kuliko lenzi.

mzee_wa_tundu

Dari la sebuleni liko mita tatu juu. La ukumbi wa basketi ni mara tatu nne ya hapo, tena bati au mbao nyeusi, mwanga haurudi. Ukiielekeza mbele unampiga mchezaji machoni akiwa hewani, na mwamuzi ana haki ya kukusimamisha. Halafu shata inabanwa 1/200, na kwa kuwa mwanga wa ukumbi nao unaingia, mchezaji anatoka na kivuli chake pembeni. Na baada ya kila mlipuko mkubwa unasubiri sekunde kadhaa ijae. Wanaotumia flashi kwenye basketi hufunga kubwa kubwa juu darini, kwa ruhusa, na kuziwasha kwa redio. Siyo bajeti hii.

mstari_wa_nyuma

Lenzi bila mahali pa kukaa ni kazi bure. Kaa chini kabisa, sakafuni, nyuma ya mstari wa mwisho, nje kidogo ya boksi (eneo lililochorwa chini ya goli), upande ambao mlingoti wa goli haukuzibi. Kanuni za FIBA, shirikisho la basketi duniani, zinataka mita 2 tupu kuzunguka uwanja, kaa nyuma ya hizo. Mchezaji akitoka na mpira kwa kasi hana breki.

Ukiwa hapo, mstari wa mitupo huru uko mita 5.8 ndani ya uwanja, jumlisha 2 zako, karibu 8. Kwa 85mm kwenye 700D, kamera ikiwa wima, fremu inabeba kama mita 2.1 kwa umbali huo, mchezaji mzima na nafasi ndogo juu. Kwa 50mm unapata urefu huohuo kwa mita 5, yaani mtu aliye mbele kidogo ya ringi. Leyapu au danki pamoja na ringi ya mita 3.05 haitaenea kwa 85mm ukiwa upande huohuo. Chagua moja: upige nusu ya mwili, uso na mpira, au usogee pembeni kuelekea kona upate umbali.

Fokasi: AI Servo (inayoendelea kumfuata mtu anayesogea), nukta ya katikati peke yake. 700D ina nukta tisa, na ya katikati ndiyo kali zaidi ukiwa na lenzi ya f/2.8 au pana kuliko hapo. Ukiiachia kamera ichague, itakimbilia mwamuzi au tangazo la ukutani. Iweke kifuani, kwenye namba ya jezi, siyo usoni: namba ina mistari mikali ya kushika, na uso uko karibu umbali uleule. Kina cha eneo linalotoka kali kwa 85mm f/2 kwenye mita 5 ni kama sentimita 25, hakina msamaha.

Ondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia. Ingia Custom Functions, tafuta Shutter/AE lock button, chagua AE lock/AF, halafu tumia kidole gumba kwenye kitufe cha nyota. Unakibana muda wote unapomfuata mtu, mwamuzi akikatiza mbele unaachia, akipita unabana tena. Siku ya kwanza inachanganya.

RAW (picha ghafi, isiyobanwa kama JPEG) kwenye 700D ni kama picha sita tu mfululizo, kisha kamera inajaa na kunyamaza. JPEG zinafika ishirini na kitu. Kwa hiyo ukipiga RAW, usianze kumimina mchezaji akiwa bado anadunda. Subiri miguu itoke chini. Kileleni mwa mruko mwili karibu hausogei kabisa, hata 1/400 inamshika.

kikapu_255

Nimeelewa kuliko nilivyotegemea, shukrani sana. Maswali mawili. Nyuso zinatoka nyeusi tii timu ikivaa nyeupe, ikivaa bluu zinakuwa sawa. Na kwa fainali naweza kukodi 70-200 f/2.8, inafaa?

mzee_wa_tundu

Nyuso: kamera yako inapima. Ikiona jezi nyeupe nyingi inadhani pana mwanga mwingi, inapunguza, na wachezaji wetu wenye ngozi nyeusi ndio wanaolipa. Weka M (mipangilio yote kwa mkono), na usitumie ISO ya kujiendesha, kwa sababu 700D haikuruhusu kuirekebisha juu au chini ukiwa kwenye M. Wakati wa kupasha piga uso wa mchezaji mweusi zaidi chini ya goli, ukuze kwenye kioo, ongeza ISO hadi uone macho na mstari wa taya. Jezi nyeupe ikipoteza mikunjo mabegani, iache ipotee. Pembeni mwa uwanja mara nyingi panapungua hatua nzima, kwa hiyo jua namba mbili za ISO: ya boksi na ya kona.

Weupe (white balance, rangi ambayo kamera inaichukulia kuwa nyeupe) nao uuweke kwa mkono. Piga karatasi ya A4 chini ya taa hizo, ijae fremu, lakini kwa 1/50, siyo 1/640, ili ibebe mapigo kamili ya taa. Ukiipiga kwa 1/640 unaweza kuidaka ya kahawia, ukaharibu rangi ya mechi nzima. Chini ya zile LED mbili tatu rangi bado itakuwa tofauti, hakuna mpangilio mmoja utakaotibu balbu za aina mbili. Huko tengeneza kwenye RAW.

mstari_wa_nyuma

70-200 f/2.8 inafaa, ila ujue unachokodi. f/2.8 dhidi ya f/2 ni hatua moja pungufu, kwa hiyo unarudi ISO 6400 kwa 1/640. Chenga zitakuwepo, lakini ukiipunguza picha hadi pikseli 1080 za Instagram nyingi humezwa. Unachopata ni kufika goli la pili, na fokasi yenye nguvu. Toleo la IS II lina karibu kilo moja na nusu, chukua stendi ya mguu mmoja. Na swichi ya IS usiitegemee: inatuliza mkono wako, mchezaji anaendelea kukimbia. Ukipata nafasi beba zote mbili, 85mm kwa robo mbili za timu inayoshambulia goli lako, 70-200 kwa zile wanazobadilishana magoli.