Mrejesho: Mlio wa treni kwenye kona

Wakuu, niliuliza kwa nini treni ya reli ya zamani hapa Dodoma hulia kwa ukali ikikata kona, na kwa nini reli isipakwe grisi yote mlio uishe. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli amenielewesha vizuri.

Magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, hivyo yanazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Gurudumu limechongwa mshazari kidogo ili lijiongoze lenyewe, ila kona ikiwa kali mshazari hautoshi. Linateleza kiubavu, linanasa, linaachia, linanasa tena, kwa kasi sana. Ndiyo ule mlio, na mara nyingi unatoka reli ya ndani. Kule nje, ukingo wa gurudumu unasaga ubavu wa reli. Vyuma vyote viwili vinalika.

Kwa hiyo grisi ni ya ubavuni tu. Juu ya reli ni hatari! Gurudumu linagusa reli sehemu ndogo kama sarafu, na breki zote na nguvu ya kuvuta zinategemea hapo. Treni ya mizigo ikipanda ukuta wa Bonde la Ufa kati ya Saranda na Manyoni ikakuta grisi juu, magurudumu yatazunguka bure, mpaka dereva amwage mchanga kwenye reli ili yashike.

Kuna dawa maalumu ya kupaka juu, inayobakiza msuguano wa kiasi, kwa kipimo takriban 0.35 (yaani kama theluthi ya uzito unaokandamiza reli). Hiyo ndiyo inayotuliza mlio, na natamani sana ifike kwenye kona zilizo jirani na makazi.