JPEG, PNG au WebP kwa picha za khanga na nembo ya duka?

MamaKhanga: Wakuu, habari za jioni. Nauza khanga na vitenge kwenye tovuti yangu ndogo. Simu inatoa picha za pikseli (nukta za picha) 4000 kwa 3000, kila moja inapita megabaiti 4, na wateja wanalalamika kuwa zinakula bando. Kijana mmoja amenigeuzia zote kuwa PNG, zimezidi kuwa nzito! Halafu nembo ya duka nikiiweka juu ya picha inakuja na kisanduku cheupe. Nitumie aina ipi ya faili: JPEG, PNG au WebP?

FundiPicha: Pole dada. PNG haitupi kitu, kila pikseli inabaki ilivyo. Inafaa nembo na maandishi, na inakubali sehemu zisizo na rangi kabisa, kwa hiyo ukifuta ule weupe kisanduku hakirudi. Picha ya kamera ina rangi nyingi mno, ndiyo maana PNG yake inanenepa. Khanga weka JPEG, ambayo hutupa kidogo ili faili liwe dogo, ubora 80 au 85 kati ya 100. Na ujue kuwa kuigeuza JPEG kuwa PNG hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

Kipepeo: Mimi ningechukua WebP. Google waliitoa 2010, inafanya kazi ya zote mbili, na kwa ubora uleule faili huwa dogo kuliko JPEG. Vivinjari vyote vikubwa vinaifungua.

Mchapaji: Kwa tovuti sawa, ila usiniletee nichape, programu za zamani zinaikataa. Na tafadhali, picha ya asili usiiguse, punguza nakala. A4 safi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Mteja wangu alileta picha ya pikseli 600 aliyoitoa kwenye ukurasa wake, akitaka kalenda. Kuivuta hakuongezi kitu, ilitoka na ukungu, na pesa yake ya karatasi ikapotea. Iliniuma.

BintiPwani: Mnazungumzia uzito tu, na mimi mnunuzi nataka kuona khanga! Shoga, picha zako umezikata mraba. Khanga ni ndefu kwa upana, ukiikata mraba pindo la upande mmoja linaondoka, na jina linakatikia katikati. Mimi khanga nainunua kwa jina. Juzi nimeona moja dukani kwako, nimesoma maneno mawili tu, nikaacha. Acha picha iwe 4 kwa 3, pindo zote nne zionekane, kisha weka picha ya pili ya karibu, jina peke yake.

FundiPicha: Kweli kabisa, hilo sikuliwaza. Basi kata kwanza, ndipo upunguze hadi upana wa pikseli 1200. Funga uwiano wa pande unapopunguza, la sivyo maua ya mji (katikati ya khanga) yatavutika. Na uhifadhi mara moja tu: JPEG ukiifungua na kuihifadhi tena na tena, kila mara inapoteza kidogo.

MamaKhanga: Nimejaribu moja: JPEG, 1200 kwa 900, kilobaiti 240, jina linasomeka hadi herufi ya mwisho. Asanteni sana. Nembo nimeifuta weupe, lakini kuna ukingo mwembamba umebaki.

FundiPicha: Huenda hayo ni mabaki ya JPEG, kama nembo ilihifadhiwa hivyo awali. Usihangaike kuyafuta. Muombe aliyekuchorea faili lake la SVG (mchoro wa mistari, si wa pikseli), hilo utalikuza hadi kwenye bango bila kuharibika, na PNG safi utaitoa humo humo.