Naomba ushauri: mtaa unataka kuwachapa viboko vijana watakaokutwa nje usiku

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, siku ambayo mtaa wetu, ulio pembezoni mwa Mtwara mjini upande wa kuelekea Naliendele, utakutana kwa mara ya pili kuzungumzia wizi unaofanywa na vijana wadogo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, na ninao vijana wawili wa kiume wa rika hilo hilo tunalolilalamikia.

Tangu msimu wa korosho uanze, halipiti juma bila mtu kuamka na kukuta turubai lake la kuanikia limebaki tupu. Yalianza madebe mawili uani kwa jirani, ikafuata betri ya pikipiki, kisha simu ya mama muuza mihogo ikakwapuliwa magharibi, wakati wanaume wako msikitini. Wiki iliyopita nilitoka nje saa nane usiku baada ya kusikia kuku wakipapatika, nikamkuta mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 15, amepiga magoti kwenye turubai langu, anazoa korosho kwa viganja viwili na kuzitia katika begi lake la shule. Hakukimbia. Aliniamkia, "Shikamoo," kisha akaanza kulia.

Nilimrudisha kwao kimya kimya, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu katika mkutano wa kwanza ilipendekezwa turudishe sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa mtaa, kijana yeyote atakayekutwa nje baada ya saa nne usiku achapwe viboko hadharani, na mwizi akikamatwa "asifikishwe popote". Maana ya maneno hayo mnaijua. Waliopiga makofi ni watu ninaoswali nao safu moja. Nikimtaja mtoto, ninamtia mikononi mwa umati. Nikinyamaza, mimi ni mjumbe anayeficha mwizi. Niseme nini?

Msaidizi wa Sheria: Ndugu mjumbe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, akishitakiwa, shauri lake husikilizwa katika mahakama ya watoto, si mbele ya watu wote, na hata akitiwa hatiani hahukumiwi kifungo cha gerezani. Ulinzi shirikishi unaruhusiwa, na polisi kata ndiye wa kuupanga pamoja nanyi, lakini mlinzi wa mtaa hana mamlaka ya kuhukumu wala ya kuchapa. Akimchapa kijana aliyekuwa anarudi kutoka kwenye kibanda chake cha chipsi, atajibu shitaka la shambulio, nanyi mliopitisha azimio mtaulizwa. Omba hayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Nimeibiwa: Mnamwonea huruma mwizi. Mimi nimechukuliwa mashine ya kupulizia salfa ambayo deni lake sijalimaliza, nikaandikisha taarifa, nikaambiwa nisubiri, na mpaka leo nasubiri. Mikorosho yangu ilishikwa na ugonjwa wa ubwiri mwaka huu kwa sababu hiyo. Anayesema viboko ni vibaya anieleze ni nini kitakachonirudishia mashine.

Dereva wa Kijiweni: Shikamoo mzee mjumbe. Mimi ni kijana wa bodaboda, hivyo azimio lenu litaniangukia wa kwanza, maana saa nne ndiyo ninabeba abiria. Naomba kuuliza jambo moja. Mtoto wa miaka 15 si mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, wala hawezi kupeleka begi la shule ghalani likapimwa na kuandikiwa stakabadhi, kwa hiyo zile korosho zilikuwa zinakwenda wapi? Zinakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo nje ya chama, mtu mzima mwenye duka na familia, anayepima kwa bakuli usiku na kulipa papo hapo, wakati wakulima wanasubiri mnada. Mtaani anajulikana, na hakuna aliyemtaja mkutanoni kwa sababu nusu ya mtaa inakopa unga kwake.

Msaidizi wa Sheria: Kijana amegusa penyewe. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu.

Mama Somoe: Kaka, umesema ulimrudisha kwao, hukusema ulimkabidhi nani. Kwetu huku baba anaweza kufoka mpaka alfajiri na kijana asisikie, lakini mjomba wake akiketi mkekani, neno moja linatosha. Jambo la pili, huyo ameshatoka jando. Tunamwambia sasa ni mtu mzima, tunamhamishia chumba cha nje na kumwachia atafute mboga yake mwenyewe, halafu tunashangaa kwamba hatujui saa nane yuko wapi. Mwiteni mjomba.

Mjumbe (mwanzisha mada): Nawashukuru. Mama yake nimemwona jana. Mjomba yuko Tandahimba na ameahidi kufika Alhamisi, nami nitakuwepo. Ndugu uliyeibiwa mashine, pole sana, sitasimama Jumamosi kumwambia mtu avumilie: nitapendekeza doria ya zamu chini ya polisi kata, na kabla viboko havijajadiliwa nitauliza swali la huyu kijana wa bodaboda, kwa maneno yake. Nadhani tetesi zimeshafika, kwani leo jioni mwenye duka amepita kwangu, jambo asilolifanya kwa kawaida, akaniuliza kama ajenda za mkutano zimebadilika.