Thina inanilewesha kazini Keko, bosi anasema ninywe maziwa. Inapimwaje?

Dogo_wa_Sprei
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga sprei kwenye karakana ya fenicha hapa Keko, Dar, rangi na vanishi tunazimua kwa thina, vitanda, makabati, meza za tivii, huu mwaka wa tatu. Chumba kina mlango mmoja na kadirisha, na oda zikiwa nyingi tunafunga mlango vumbi la msasa lisije likanasa kwenye vanishi. Ikifika saa tisa kichwa kinagonga, nakuwa kama nimekunywa na mimi pombe sigusi, Jumapili nikipumzika niko freshi, Jumatatu jioni yaleyale. Bosi ananipa pakiti ya maziwa kila siku anasema yanakata sumu, halafu eti harufu sio kali. Kinachonitisha ni mwenzangu, ana miaka zaidi ya kumi kwenye hii kazi, siku hizi anakosea kuchanganya rangi mpaka anabishana na wateja, na ukimwita lazima upaze sauti. Hivi hii kitu inapimika?

MamaUsalama
Pole sana mdogo wangu. Nimekuwa afisa usalama kiwandani miaka mingi na hayo maziwa nimekutana nayo kila sehemu. Hayasaidii. Mvuke unapita kwenye mapafu unaingia kwenye damu mpaka ubongo, maziwa yanaenda tumboni, wapi na wapi. Na pua usiiamini, inazoea harufu ndani ya muda mfupi ukadhani hewa imesafishika.

Thina nyingi zina tolueni, kimiminika cha kuyeyushia rangi. Inalevya, ndio hicho kichwa chako, na ukiivuta miaka inaharibu kumbukumbu, usikivu, na macho kutofautisha rangi. Masikio yanaumia zaidi kukiwa na kelele, na nyie kompresa inanguruma kutwa. Huyo mwenzako mimi sio daktari wa kusema anaumwa nini, ila asisubiri.

Kupima inapimika. Unabanwa kibomba cha kioo chenye punje za mkaa kwenye kola, karibu na pua, mpira unashuka kwenye kipampu kiunoni, unafanya kazi zamu nzima kama kawaida, kisha mkaa unaenda maabara. Kipimo kinabaki kwako, sio ukutani, maana anayeinamia kabati anavuta zaidi ya aliyekaa mlangoni. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, wanasema wastani wa tolueni kwa masaa 8 usizidi sehemu 20 kwa milioni ya hewa. Sheria ya hukohuko Marekani bado iko kwenye 200, kwahiyo mtu akikwambia uko ndani ya kiwango muulize kiwango gani. Kuna na mkojo wa mwisho wa zamu, wanatafuta o-kresoli, kitu ambacho mwili unatengeneza ukivunja tolueni. Zamani walipima asidi ya hipuriki, ila hiyo hata soda yenye sodiamu benzoeti (dawa ya kuhifadhi vinywaji) inaipandisha.

Fundi Bodi Gerezani
Naongezea, barakoa ya kitambaa na zile za korona hazizuii mvuke hata kidogo, zinashika vumbi tu. Tafuta ya mpira yenye katriji (vichujio) za mvuke, za Ulaya zina mstari wa kahawia, za Marekani mweusi, ukimaliza funga kwenye mfuko maana ukiiacha wazi inaendelea kunyonya mpaka inakufa. Na acheni kunawa mikono kwa thina jamani!! ngozi nayo inapitisha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa unakaa chini, na kwa joto la Dar unawaka muda wowote, msije mkaweka feni ya kawaida ya mezani kuuvuta, cheche moja tu mmekwisha.

Dogo_wa_Sprei
Asanteni wakubwa. Ila nikimwambia bosi habari za kupima si atanitimua?

MamaUsalama
Usianze na kupima, anza na hewa ya mnapopigia. Mwambie mpigie uani chini ya turubai, msasa ufanyike upande mwingine, hapo hata mlango hamna sababu ya kuufunga. Hiyo haimgharimu kitu na mvuke unashuka leoleo. Akigoma, sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 ni jukumu lake yeye, na kupima afya za wafanyakazi imo humo, OSHA ya kwetu, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi. Ugonjwa ukithibitika umetokana na kazi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Mwenzako mpeleke hospitali wiki hii. Kabla hamjaenda piga picha lebo za madebe yote, thina, sila (ya kuziba mbao kabla ya vanishi), vanishi, gundi, maana gundi nyingine zina heksani, kiyeyusho kingine kinachoua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Daktari asipoambiwa anachovuta atampa dawa ya malaria amrudishe kazini.

Dogo_wa_Sprei
Madebe mawili hayana lebo kabisa, tunajaziwa dukani kwa lita.

Fundi Bodi Gerezani
Basi hayo ndio ya kwanza kuyatoa humo ndani.